Mchoro Wangu, Mkono wa Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mchoraji chipukizi ninayeishi Mwanza na ninachora picha za vitabu vya watoto. Simu yangu imejaa kazi za wachoraji ninaowapenda, lakini kila nikimaliza mchoro ninaona mkono wa mtu mwingine ndani yake. Nifanyeje niendelee kujifunza kwao bila kuwa kivuli chao?

JIBU: Ndugu mchoraji, usizifute picha hizo. Kwa maoni yangu, tatizo si kwamba unawatazama mno wenzako, bali unatazama walipofika bila kuuliza ni nini kilichowafikisha hapo.

Mfikirie Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya kung'aa ya kupaka baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Rangi ile haiyeyukiani kwa ulaini kama rangi ya maji. Huacha ukingo mkali, na hilo linasaidia kueleza kwa nini chui wake amesimama juu ya usuli mtupu, mwili umejaa madoa yaliyowekwa moja moja. Anayeyaiga madoa hayo kwenye kompyuta, ambako kila rangi ipo na kila kosa linafutika, amechukua nguo akamwacha mwenye nguo. Kwa hiyo mbele ya kila picha uipendayo jiulize: huyu alikuwa na nini mkononi, alikosa nini, naye akafanyaje?

Mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh, alipokuwa akiishi The Hague, mji wa Uholanzi, alikusanya kwa bidii picha za magazeti ya Uingereza, na mwanzoni mwa mwaka 1883 alinunua majuzuu 21 ya gazeti la The Graphic kwa mpigo. Kwa wachoraji wa gazeti hilo, kama Luke Fildes na Hubert Herkomer, alijifunza jinsi ya kumchora maskini na mzee kwa rangi nyeusi tu bila kumvunjia heshima, kisha akawaketisha wazee wa mji ule ule alimoishi, akawachora. Miaka michache baadaye, akiwa hospitalini Saint-Rémy, Ufaransa, alizirudia kazi za mchoraji Mfaransa Jean-François Millet kutoka kwenye nakala zisizo na rangi: mpangilio ulikuwa wa Millet, rangi zikawa zake.

Nawe fanya hivyo. Chagua picha moja ya mchoraji mmoja, uinakili polepole kwa penseli bila kufuatisha mistari yake juu ya kioo. Niliwahi kutumia likizo nzima nikinakili mikono tu ya mchoraji mmoja wa katuni za gazeti, nikagundua kwamba hakuwa akichora vidole vyote. Kile nilichokidhani ni uvivu kilikuwa uamuzi wa mtu anayekimbizana na saa ya gazeti kwenda mitamboni, na jicho langu lisingekiona kama mkono haukukipitia. Ukishaipata siri kama hiyo, funika picha, nenda Mwaloni Kirumba ukawachore wauza dagaa kwa kutumia kanuni hiyo moja. Wiki inayofuata mchukue mchoraji mwingine asiyefanana kabisa na wa kwanza, kwani anayekunywa kisima kimoja tu ndiye anayetambulika haraka.

Wala usiishie kwa wachoraji. Msanii wa Tanzania George Lilanga alianzia kwenye uchongaji wa vinyago vya Kimakonde, na mashetani wa vinyago vile ndio aliowahamishia kwenye karatasi na rangi alipokuwa Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii cha Dar es Salaam.

Nakala za mazoezi zibaki daftarini, jina la mwenye kazi likiwa limeandikwa pembeni. Na mchapishaji akikuletea picha ya mtu akitaka umchoree iliyo sawasawa na hiyo, mwombe kwa adabu akueleze anachokipenda ndani yake, iwe ni rangi, mkao wa wahusika au ucheshi wa nyuso, kisha mpelekee rasimu mbili za kwako achague.