Kadi ya gari isome jina lako kabla muuzaji hajapotea

Mtu akinunua gari la mkononi, maswali anayoulizwa huwa yaleyale: linakula mafuta kiasi gani, limetembea kilomita ngapi, spea zake zinapatikana? Mimi nauliza kadi inasoma jina la nani. Wengi hujibu haraka, "Kadi ninayo." Sawa, unayo, lakini imeandikwa nani? TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, na polisi wakitaka kujua gari ni la nani, wanaanza na jina lililo kwenye usajili. Mkataba wako uliofungia kabatini utasomwa baadaye, ukiwa umeshahangaika.

Zamani kulikuwa na cha kutukumbusha. Ilikuwepo ada ya kila mwaka ya leseni ya gari, na bajeti ya 2017/18 ikaifuta, makusanyo yakahamia kwenye mafuta. Tulishangilia, na mimi nilikuwemo. Ila tangu hapo mtu anaweza kuendesha gari miaka nenda rudi bila jambo la kumpeleka TRA, na kadi ikabaki na jina la mtu wa tatu ambaye hata hamjui.

Tatizo linaonekana siku unapotaka kuuza, au kuweka gari dhamana ya mkopo. Baya zaidi ni muuzaji akifariki. Jirani yangu alinunua Noah kwa mzee mmoja, wakaandikiana, wakapeana mikono, kadi akasema ataishughulikia akitulia. Mzee akafariki. Kuanzia hapo hakuna mtoto wala mjane anayeweza kusaini kwa niaba ya marehemu kwa sababu tu ni ndugu. Anahitajika msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mwenye barua yake ya usimamizi, ile ambayo Mahakama ya Mwanzo huitoa kwa Fomu namba 4. Na familia ile ilikuwa bado haijakubaliana nani awe msimamizi. Jirani akawa mgeni wa vikao vya ukoo usio wake, akiomba jambo lake lisisahauliwe.

Mimi niliponunua IST kwa mama mmoja wa Tabata, nililipa sehemu kubwa ya bei na kuzuia kiasi, tukaandika kwenye mkataba mbele ya wakili kwamba kilichobaki kitalipwa kadi ikishatoka kwa jina langu. Mama alinuna kidogo. Dalali alinuna zaidi. Lakini hela inayosubiri humfanya muuzaji apokee simu, na bila yeye huwezi kufika mbali.

Kabla ya hapo nilimwomba kadi ya gari na kitambulisho chake cha taifa cha NIDA, nikaviweka mezani na kusoma herufi kwa herufi. Kadi: HADIJA RAMADHANI. NIDA: KHADIJA RAMADHAN. Yeye akacheka, akasema, "Baba, si mimi huyohuyo?" Kwake ni jina lilelile, kwa kompyuta ni watu wawili. Ilibidi aende kwa wakili kuapa hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, tukaiambatanisha na maombi ya kuhamisha kadi. Abdalla na Abdallah, Jumanne na Juma, jina la babu lililorukwa: yakague yote hayo kabla hujatoa hata senti.

Kwa jina lako mwenyewe, utaratibu ninaoshauri ni kuanzia kwenye mzizi. Kama limekosewa, au umeolewa ukachukua jina la mume, rekebisha NIDA kwanza, kisha TIN (namba ya mlipakodi), ndipo uje kwenye kadi ya gari na leseni ya udereva. Ukianzia kwenye kadi utarudishwa. Aliyebadili jina kabisa atahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, kiapo cha kawaida hakitoshi. Namba ya simu na anuani watu huvipuuza, ila ujumbe wa mfumo wa TRA unatumwa kwenye namba uliyoandikisha. Kama laini ile uliitupa, unajifungia mlango mwenyewe.

Gharama si za kutisha. Viwango ninavyovijua ni shilingi 50,000 ya uhamisho kwa gari na 27,000 kwa pikipiki, juu yake kadi mpya na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani. Bajeti hubadilisha mambo kila Julai, kwa hiyo tazama viwango vya mwaka wako. Malipo yote yana kontroo namba, yaani namba ya kulipia serikalini. Kijana wa nje ya ofisi akikuambia umtumie kwenye simu yake "atakufanyia fasta", mshukuru na uendelee na safari. Na usikubali kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili kupunguza ushuru. Mkigombana, bei hiyo ndogo ndiyo utakayorudishiwa.

Kabla ya kusaini, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini wa polisi. Deni la trafiki linakaa kwenye namba, na namba inabaki na gari hata likibadili mikono mara kumi. Tazama pia kama kadi ina jina la benki. Kama lipo, mkopo haujaisha au haujafutwa, na hapo hakuna cha kununua mpaka benki itoe barua.

Wewe unayeuza, usidhani haya hayakuhusu. Gari uliloliuza likigonga mtu Chalinze usiku, jina litakaloonekana ni lako. Baki na nakala ya mkataba wenye tarehe na saa ya kukabidhiana, nakala ya kitambulisho cha mnunuzi, na mwambie akutumie picha ya kadi mpya ikitoka. Asipotuma, mfuate.

Kadi ikishatoka, nenda na bima siku hiyohiyo. Stika ya bima inaweza kuwa na miezi minane mbele, lakini mkataba wa bima bado ni wa yule aliyekuuzia, na kama ni bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako, ukipata ajali kampuni itauliza wewe ni nani.