Maswali ya Wasomaji: Safari Ndefu ya Ndege

Tiketi yangu ya kutoka Dar es Salaam imeandikwa tarehe 12, saa 00:45. Niende uwanjani siku gani?
*Msomaji, Morogoro*

Usiku wa tarehe 11. Hiyo 00:45 ni saa sita na dakika 45 za usiku wa kuamkia tarehe 12. Ukitaka kuwahi kwa saa tatu, uwe uwanjani saa tatu na dakika 45 usiku, tarehe 11. Anayengoja jua la tarehe 12 lizame ameachwa karibu siku nzima, na mashirika mengi humfutia asiyetokea hata safari ya kurudi. Ujue pia kwamba saa ya kuondoka ni ya huko unakotoka, na ya kufika ni ya huko unakokwenda. Ndiyo maana Nairobi hadi New York, safari ya takriban saa 15, kwenye tiketi huonekana kama saa 7 au 8 tu.

Nitasafiri na mtoto wa miezi minane kutoka Nairobi hadi New York moja kwa moja. Wenzangu wananitisha kwamba atalia njia nzima kwa maumivu ya masikio.
*Mama, Mombasa*

Njia nzima, hapana. Wakati mgumu ni ndege inaposhuka. Inapopaa, hewa iliyo nyuma ya kiwambo cha sikio hutoka yenyewe kwa mrija mwembamba unaoishia nyuma ya pua. Inaposhuka, hewa inatakiwa irudi ndani, na mrija huo haufunguki vizuri mpaka mtu ameze, atafune au apige mwayo. Mtoto aliyelala humeza mara chache, kwa hiyo huamka tayari anaumwa.

Mwamshe mapema. Ndege huanza kushuka kama nusu saa kabla ya kutua, si magurudumu yanapotoka. Ukisikia tangazo la rubani, mpe titi au chupa, kidogo kidogo, mpaka mguse ardhi. Wengi hukosea kwa kumshibisha saa moja kabla, kisha dakika zenyewe zikifika hataki kunyonya. Akiwa na mafua makali, aonwe na daktari kabla ya safari, na usimtilie dawa ya pua ya watu wazima. Wewe mwenyewe funga mdomo, bana pua, sukuma hewa taratibu. Ukisukuma kwa nguvu unaweza kuumiza kiwambo.

Kitanda cha mtoto, kile kinachotundikwa kwenye ukuta wa mbele, kiombe mapema kwa sababu ni vichache na vina kikomo cha uzito. Kero yake ni kwamba kila taa ya mkanda ikiwaka unatakiwa umtoe, hata kama usingizi ndiyo kwanza umemchukua.

Baba ana miaka 67. Alipotua London viatu havikumwingia. Je, ni ugonjwa?
*Msomaji, Mwanza*

Miguu yote miwili ikivimba sawasawa, bila maumivu, na ikapungua ndani ya siku moja au mbili, mara nyingi ni matokeo ya kukaa tu. Misuli ya mashavu ya miguu ndiyo inayosukuma damu irudi juu. Isipofanya kazi, maji hutuama kwenye vifundo.

Kinachotisha ni damu kuganda kwenye mshipa wa ndani, na hatari hiyo huongezeka safari ikizidi saa nne. Dalili zake ni mguu mmoja kuvimba kuliko mwenzake, shavu la mguu kuuma, au ngozi kuwa ya moto. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na akiumwa kifua au pumzi ikikata, ni dharura. Dalili zinaweza kuja siku kadhaa baada ya kutua, wakati watu wameshaisahau ndege.

Safari ijayo mchukulie kiti cha kando ya njia. Begi lisikae chini ya kiti cha mbele, maana hapo ndipo miguu inaponyooka. Kila saa moja au mbili ainuke atembee, na akiwa ameketi ainue visigino kisha vidole, mara 20 hivi. Kama aliwahi kuganda damu, amefanyiwa upasuaji karibuni au ana saratani, amuulize daktari kuhusu soksi za kubana. Mguu hupimwa asubuhi kabla haujavimba, kwani soksi isiyomfaa hukata damu chini ya goti. Aspirini asijiandikie mwenyewe.

Nilinyang'anywa samli na achari nikibadilisha ndege Doha kwenda Ujerumani. Mbona Zanzibar zilipita?
*Msomaji, Mjini Magharibi*

Kila kituo kina ukaguzi wake. Samli, achari na asali huhesabiwa kama vimiminika, na kwa kawaida kinachopimwa ni ukubwa wa chombo: chupa ya mililita 250 iliyobaki kidogo chini bado inazidi kikomo cha mililita 100. Viweke kwenye begi la kukabidhi kaunta. Chombo kikiwa cha plastiki laini, kikamue hewa kabla ya kufunga, kwani angani hewa hutanuka kwa karibu theluthi na kusukuma mafuta nje.

Samli lakini iache nyumbani. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuingiza nyama wala vitu vya maziwa kutoka kwetu, hata ndani ya begi kubwa. Asali unaruhusiwa hadi kilo 2.

Kwa nini chai ya ndege haikolei?
*Msomaji, Kisumu*

Hewa ya ndani ya ndege ni nyepesi kama ya mlimani, kwenye mita 1,800 hadi 2,400, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 92 hadi 94 hivi. Majani hayatoi rangi yote. Ukavu wa hewa na mngurumo wa injini navyo hupunguza ladha ya chumvi na sukari. Beba tangawizi ya unga kidogo, si kimiminika.