Kuongeza uwezo wa trela la kulala: ekseli za 5,200 badala ya 3,500

Mkuu, trela lako lina ekseli mbili za pauni 3,500, kibati (cha uzito wa juu unaoruhusiwa) kinasema 7,000, nawe unataka kufunga za 5,200 na tairi za daraja E (madaraja ya kubeba hupanda C, D, E) ili ubebe zaidi. Zinafungika, ila kibati kinabaki kilekile. Namba ile imepigiwa hesabu pamoja na chasisi, mabano ya springi na kichwa cha kuungia, na hivyo hujavigusa. Unachopata ni ekseli isiyolemewa hadi kikomo chake.

Kabla ya kununua chochote, nenda kwenye mizani ya malori ukiwa umejaza maji, gesi na mizigo, trela likiwa limeungwa kwenye gari. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito hubebwa na gari, iliyobaki ndiyo ya tairi. Ukipata nafasi pima kila upande peke yake. Jiko, friji na tangi vikikaa upande mmoja, jumla itakuwa sawa huku tairi mbili za upande huo zimezidiwa.

Mara nyingi tatizo ni tairi tu. ST205/75R14 ya daraja C hubeba pauni 1,760 kwa upepo wa PSI 50. Nne ni 7,040. Ya D, saizi ileile, hubeba 2,040 kwa PSI 65. Kwa wengi hapo kazi imeisha, mradi rimu iwe imegongwa muhuri wa kuhimili uzito na upepo huo (angalia mgongoni mwake). Ukienda ST225/75R15 ya E, yaani pauni 2,830 kwa PSI 80, valvu za mpira za kawaida hazifai, weka za chuma.

Ukiamua kubadilisha ekseli, jua kwamba ya 5,200 huwa na stadi (boliti za kufungia rimu) 6 kwenye duara la inchi 5.5, si 5 kwenye 4.5. Rimu zote na spea zinakwenda na maji. Bomba la ekseli ni la inchi 3, kwa hiyo yu-bolti na sahani zake ni mpya, na springi pia. Ukirudisha springi za zamani umebadilisha bomba, uwezo haujaongezeka. Unapoagiza toa vipimo viwili: uso wa habu (kitovu kinachofungiwa rimu) hadi uso wa habu, na katikati ya springi hadi katikati ya springi. Bomba lina mpindo mdogo, mgongo wake uelekee juu. Likifungwa kinyume, tairi italika upande wa ndani.

Tairi ya inchi 15 niliyoitaja ni ndefu kwa takriban inchi 2 kuliko ile ya 14. Nafasi kati ya tairi ya mbele na ya nyuma inapungua kiasi hicho. Ekseli moja ikiruka kwenye shimo, tairi hugonga sakafu juu yake na kukata waya zilizopita hapo.

Mabano yakiwa wazi, kagua nyufa kwenye welding, toa bushi za plastiki uweke za shaba na boliti za kupitisha grisi. Nati za rimu za nusu inchi zinakazwa kwa mkato wa nyota (kuruka upande wa pili, si kwa kufuatana), futi-pauni 90 hadi 120, kisha zikazwe tena baada ya maili 10, 25 na 50, maana nati hulegea rimu mpya zikikaa sawa.

Breki za umeme za inchi 12 za ekseli hizi hazitakusaidia kwa waya mwembamba wa kiwandani. Sumaku zake nne, moja kila gurudumu, hula karibu ampea 12, na zile za mbali ndizo zinazokosa umeme. Vuta waya mnene mpaka ekseli ya nyuma.