Una DSLR tayari? Usikimbilie lenzi, tafuta kamera ya mfukoni

Vijana wanaoanza kazi ya picha hapa Mwanza hupenda kuniuliza wanunue lenzi gani baada ya ile iliyokuja na kamera. Huwa nawajibu kwamba lenzi isubiri, kwanza watafute kamera ndogo inayoingia mfukoni. Wengi hudhani natania. Lakini picha nyingi tunazozikosa hatuzikosi kwa uhaba wa lenzi. Tunazikosa kwa sababu kamera iko nyumbani, ndani ya begi, juu ya kabati.

Mimi natumia Canon 700D, ni DSLR, yaani kamera kubwa ya kubadilisha lenzi. Yenyewe na betri yake ni gramu 580. Weka ile lenzi ya 18-55, beba na 55-250 ya kuvuta mbali kanisani, umeshavuka kilo moja kabla hujahesabu flashi, chaja na betri ya akiba. Mzigo huo naubeba bila kunung'unika nikiwa na harusi Ilemela, maana nalipwa. Ila Jumamosi asubuhi nikienda Mwaloni Kirumba kununua dagaa, au nikivuka na kivuko cha Kamanga kwenda Sengerema kusalimia wazee, siibebi. Na huko ndiko kwenye picha.

Isitoshe, kamera kubwa hubadilisha watu. Itoe katikati ya kina mama wanaoanika dagaa uone kazi inavyosimama. Mmoja atauliza, "Mwanangu, wewe wa gazeti gani?" Mwingine atasema kama unakwenda kuziuza basi uache ya soda. Ukiwa na kakitu kanakoenea kiganjani, ukasema "Shikamoo mama, naomba nipige picha mkiendelea na kazi," mara nyingi wanaendelea kweli. Tusielewane vibaya: udogo wa kamera haukupi ruhusa. Mtu akikataa, amekataa, na sehemu kama bandarini palipoandikwa usipige picha, hata simu usiitoe.

Najua tayari una swali la simu. Ni swali la haki. Kama simu yako ni nzuri na picha zako zinaishia WhatsApp na Instagram, huhitaji kamera ya mfukoni, kanunue hiyo lenzi. Mchana kweupe simu ya kisasa inatoa picha safi, na kuirusha ni dakika moja. Kinachonishinda kwenye simu ni vitu vitatu. Ukivuta karibu, simu nyingi zinakata picha na kuikuza tu, hazisogezi vioo. Taa yake ni LED inayomulika kama tochi, si flashi inayolipuka mara moja na kumgandisha mtu anayecheza. Na usiku programu yake hulainisha ngozi mpaka bibi wa miaka sabini anatoka kama amepakwa plastiki. Hapo mteja anayetaka kuichapa kwa ukubwa wa kutundika sebuleni ataiona tofauti na zile za 700D, na wewe ndiye utakayetoa maelezo.

Basi tuseme umeamua. Dukani utakutana na namba mbili kubwa zimebandikwa mbele ya kamera: megapikseli na zumu. Zipite. Namba inayokuhusu haiandikwi kwa rangi, nayo ni ukubwa wa sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuugeuza picha. Sensa ya 700D ni milimita 22.3 kwa 14.9. Kamera nyingi ndogo za bei rahisi zina sensa iitwayo 1/2.3, yaani milimita 6.2 kwa 4.6 hivi. Piga hesabu ya eneo, hiyo ya kwanza ni karibu mara kumi na mbili. Ndiyo maana kamera yenye zumu ya mara thelathini inapendeza ukiijaribu nje ya duka saa tano asubuhi, halafu ndani ya ukumbi wa sendofu inakupa picha zenye chembechembe kama mchanga. Zumu ndefu ndiyo inayolazimisha sensa iwe ndogo. Lenzi ya namna hiyo kwa sensa kubwa isingeingia mfukoni.

Ushauri wangu ni huu: chukua kamera ya zamani yenye sensa kubwa kidogo, uache mpya yenye sensa ndogo. Zile za 1/1.7 ni hatua ya kwanza, kama Canon S95 ya 2010 au S110 ya 2012. Ni nyembamba, zinapiga RAW, yaani faili ghafi la kuhariri mwenyewe, na picha zake hadi leo zinasimama. Hatua inayofuata ni sensa iitwayo ya inchi 1 (hilo ni jina tu), milimita 13.2 kwa 8.8, ambayo eneo lake ni mara nne ya ile ya 1/2.3. Sony RX100 ya 2012 ndiyo iliyolifanya hilo liwezekane kwenye mfuko wa suruali. Canon wakaja na G7 X mwaka 2014, yenye lenzi bora zaidi, lakini bei yake bado iko juu. Ricoh GR ina sensa ya ukubwa ule ule wa DSLR zetu na haina zumu kabisa. Naitamani, ila tunaongea mambo ya bei nafuu.

Sasa lenzi, na hapa naomba utulie nami kidogo. Kwenye lenzi ya RX100 pameandikwa 1.8-4.9. Wauzaji hutaja hiyo 1.8 wakanyamaza. Maana yake ni kwamba ukiwa hujavuta, tundu la lenzi liko wazi sana na mwanga unaingia wa kutosha. Ukivuta hadi mwisho linabaki f/4.9, na usiku wa ukumbini hiyo ni shida. Panasonic LX7, nayo ya 2012, inaanzia f/1.4 na kuishia f/2.3. Sensa yake ni ndogo kuliko ya RX100, lakini ukivuta hadi mwisho tundu lake linapitisha mwanga zaidi ya mara nne, kwa hiyo pale mwisho wa zumu inafidia udogo wa sensa na chenji inabaki. Ukiangalia karatasi tu, ungesema LX7 ndiyo ya mpiga picha wa harusi.

Mimi nikachukua RX100, kwa sababu ya suruali. Lenzi ya LX7 hairudi ndani yote, ina kifuniko cha kuvua kwa mkono, na unene wake unafanya ukae bodaboda upande upande. Kamera ya pili isiyoingia mfukoni itarudi begini, na ikirudi begini itabaki nyumbani pamoja na ile kubwa. RX100 ina gramu 240 na lenzi yake inajifunga yenyewe. Kwa hiyo nimejizoesha kutovuta zumu usiku. Nasogea kwa miguu, nabaki kwenye f/1.8.

Kuna jambo moja ambalo kamera hizi ndogo zinaishinda 700D yangu waziwazi, na sielewi kwa nini halisemwi zaidi. Maharusi wa Mwanza lazima wafike jiwe la Bismarck, na wengi hufika jioni. Ziwa liko magharibi, jua linashuka nyuma yao, nyuso zinakuwa nyeusi tii. Unahitaji flashi ya kujazia. Lakini 700D ikizidi spidi ya 1/200 ya sekunde, flashi yake ya juu haiendani tena na shata, lile pazia linalofungulia na kufungia mwanga, kwa hiyo ili kupunguza mwanga wa jua unabana tundu hadi f/11 au zaidi na kila kitu nyuma kinaonekana, pamoja na mtu anayekunywa soda kule. Kamera ndogo kama RX100 shata yake imo ndani ya lenzi, na flashi inaendana nayo hata kwenye spidi ya 1/1000. Flashi ni dhaifu, hivyo uwe karibu, hatua mbili tatu. Ila anga inabaki na rangi yake na uso wa bibi harusi unaonekana. Shata hiyo hiyo haina kelele. Padre akiwa kwenye maneno ya agano, hakuna anayegeuka kukuangalia.

Ubaya nao upo. RX100 haina dirisha la kuchungulia, na saa saba mchana kwenye sitaha ya kivuko kioo chake kinageuka kuwa kioo cha kujitazamia. Nakinga kwa kiganja, nakadiria, napiga. Mwili wake ni laini unateleza kama sabuni, kwa hiyo kamba ya mkononi ni lazima, hasa juu ya maji. Na kama kazi yako ni ya mitumbwini, kila siku unarukiwa na mawimbi kuelekea Ukerewe, usinifuate mimi. Tafuta Olympus za Tough, zinazozamishwa hadi mita 15. TG-4 na zilizofuata zinapiga RAW. Sensa yake ni ile ndogo niliyoiponda hapo juu, lakini sensa kubwa iliyoingia maji haipigi picha.

Nilikuwa nimetenga laki sita na nikaazimia nisiongeze hata elfu kumi, hivyo ya dukani mpya haikuwepo kwenye mazungumzo. Nilinunua kwa mpiga picha mwenzangu aliyehamia zile kamera za kubadilisha lenzi zisizo na kioo cha ndani (mirrorless). Ukinunua iliyotumika, nenda na betri iliyochajiwa kama unaweza kuazima, na memori kadi yako mwenyewe. Iwashe na kuizima mara nyingi mfululizo ukiwa umeiweka sikioni. Lenzi itoke na kurudi bila kukwaruza. Ikisita au ikiandika kosa la lenzi, mrudishie mwenyewe kwa heshima, usikubali kuambiwa fundi atairekebisha kwa elfu kumi. Kwenye Canon S100 hasa kuwa mwangalifu, baadhi ya matoleo yake yalijulikana kwa tatizo hilo.

Kisha weka f/8, piga anga tupu au ukuta mweupe, na ukuze picha kwenye kioo. Madoa ya kijivu ni vumbi lililoingia juu ya sensa. Kwenye DSLR ungetoa lenzi ukapuliza. Hapa kila kitu kimefungwa, mpaka ifunguliwe yote. Lenzi inayotoka na kurudi inavuta hewa, na hewa ikiwa na vumbi, vumbi nalo linaingia. Ndiyo maana siku za Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma pale Bujora, mwezi wa sita, wacheza ngoma wakianza kutimua vumbi uwanjani, yangu huingia kwenye kimfuko chake na kazi hiyo naiachia 700D.

Angalia pia inakula kadi gani. Olympus na Fujifilm za zamani zinatumia xD, Sony za kabla ya 2010 zinatumia Memory Stick tu. Utanunua kamera kwa bei ya kutupa halafu uzunguke soko lote la Makoroboi ukitafuta kadi. Chukua ya SD, ubadilishane na kamera kubwa. Betri ya RX100, NP-BX1, ilitumika hata kwenye matoleo ya baadaye, kwa hiyo bado inapatikana, na kamera yenyewe inachaji kwa waya wa USB mdogo, hata kwa pawabanki. Umeme ukikatika usiku wa kuamkia harusi utanikumbuka. Na usivutwe na vijana wa mitandaoni wanaosifia kila kamera ndogo ya zamani kwamba ina rangi za kipekee. Wamepandisha bei za vitu ambavyo juzi vilikuwa vya kuchezea watoto.

Ukishaipata, kabla ya kazi ya kwanza, kaa chini usawazishe saa za kamera zote mbili, hadi dakika. Piga RAW kote, ili rangi uzilinganishe wakati wa kuhariri. Ukizimwaga kwenye kompyuta ukapanga kwa muda, za ndogo zitajipanga zenyewe kati ya za kubwa, na hutakuwa na haja ya kukumbuka kama shangazi alicheza kabla ya keki au baada yake.