Sanamu ya mpingo imepasuka baada ya kuhamia Dodoma: nijaze gundi?

Swali: Nimehamishiwa kikazi Dodoma mwezi wa sita kutoka Dar es Salaam. Nimekuja na sanamu ya mpingo ya mtindo wa ujamaa, yaani watu wengi waliobebana, niliyoinunua Mwenge, na kinyago cha uso cha mti mwepesi alichoniachia marehemu baba. Sanamu imepata ufa kuanzia kichwani hadi kiunoni, na kinyago kinadondosha unga. Fundi seremala ananishauri nijaze ufa gundi na vumbi la mbao, kisha nipake mafuta. Nimfuate? (Msomaji, Kisasa, Dodoma)

Jibu: Ndugu yangu wa Kisasa, kwa sasa usijaze chochote.

Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama, na unyevu ulio ndani yake hutoka polepole mno. Wachongaji wengi huuchonga ungali mbichi, kwa kuwa ukishakauka unamaliza makali ya patasi. Hivyo sanamu inaweza kuonekana kavu kwa nje huku ndani ikiwa na unyevu miaka kadhaa baadaye. Pwani hewa haikauki sana, kwa hiyo hukuona tatizo. Hapa kwetu mvua ikikatika Aprili au Mei hatuioni tena mpaka kuelekea Desemba, na katikati kuna upepo wa Julai na Agosti unaopasua hata midomo.

Halafu kuna namna ujamaa unavyochongwa. Watu wote wale waliobebana hutoka kwenye gogo moja zima, kiini cha mti kikiwa katikati. Mti unapokauka husinyaa zaidi kufuata mviringo wa gogo kuliko kuelekea kwenye kiini, karibu mara mbili kwa miti mingi. Ubao uliopasuliwa hupinda ukapumua. Gogo zima haliwezi, basi hufunguka upande mmoja. Tazama ufa wako kwa tochi, utaona unaelekea katikati. Usimlaumu mchongaji, na usidhani umeuziwa mpingo bandia.

Gundi naikataza kwa sababu ufa huo hautabaki na upana huo. Mvua za msimu zikishika, Januari na Februari, mbao itanyonya unyevu na kuvimba, na ufa utajifunga kiasi. Ufa ukiwa umejazwa kitu kigumu, kuta zake zitabanwa. Kiangazi kinachofuata utafunguka tena kando ya gundi, au ncha yake iteremke zaidi. Nimeletewa sanamu nyingi za namna hiyo, na kuitoa gundi iliyozama ndani bila kuumiza mbao ni vigumu sana. Mafuta nayo hayarudishi unyevu uliotoka. Ya kupikia hushika vumbi na kunuka.

Weka alama ndogo ya penseli kwenye ncha ya ufa na uandike tarehe mahali. Iondoe sanamu dirishani, kwenye feni, kwenye kiyoyozi na juu ya friji. Ifunge kwa kanga mbili, itie kwenye boksi la katoni na uiache humo mpaka mvua zianze, ili ikauke taratibu. Msimu mmoja wa mvua ukipita na ufa haujavuka alama, ndipo ujaze kama unakukera. Tumia nta ya nyuki, ambayo hutaikosa kwa warina asali wa Singida na Manyoni, uichanganye na masizi laini. Ilainishe mkononi, ibonyeze kwa kijiti, ufute ziada. Nta hufuata mbao inapotanuka na kusinyaa, na siku ukitaka kuitoa inatoka. Mimi ningeuacha ufa ulivyo.

Kinyago cha marehemu baba ndicho kinachonitia wasiwasi. Kiweke juu ya karatasi nyeusi siku chache. Unga mpya ukidondoka, ndani kuna wadudu wanaobungua mbao. Kifunge ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, ukiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika muda mrefu, anza kuhesabu upya. Ukikitoa usifungue mfuko mpaka kesho yake, maana umande utatua kwenye mbao. Usikipulizie dawa ya mbu wala kukipaka oili chafu. Na kama kina rangi ya zamani au nywele za kubandikwa, kama mapiko, vinyago vya ngoma vya Wamakonde, maji yasikiguse. Brashi laini na kavu inatosha.