Maswali na majibu: prosesa iliyopandishwa kasi, feni zisizopiga kelele

*Prosesa yangu nimeipandisha hadi GHz 4.7 kwa volti 1.40. Feni inasikika hadi chumba cha pili. Ninunue feni ipi? — Mwanjelwa, Mbeya*

Usinunue kitu bado. Kelele yako inaanzia kwenye volti. Joto la prosesa hupanda kwa kipeo cha pili cha volti, hivyo ukitoka 1.40 hadi 1.25 kwa kasi ileile unapunguza karibu moja ya tano ya joto bila kutoa shilingi. Ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguka mashine inapowaka), shusha volti 0.025 kila hatua, kisha ichoshe prosesa kwa programu ya Prime95 nusu saa. Ikigoma au mashine ikijizima, rudi juu hatua mbili, uishie hapo. Kama 4.7 haikai bila volti nyingi, shuka hadi 4.6. Tofauti hiyo huioni kwenye mchezo wowote, ila masikio yataisikia. Watu wanapenda namba kubwa ya kuonyesha marafiki, halafu wanalalamikia feni.

Baada ya hapo panga mwendo wa feni kufuata joto la prosesa: asilimia 40 hadi nyuzi 60, asilimia 60 kwenye nyuzi 75, na mwendo wote kuanzia 88. Weka ucheleweshaji wa sekunde 3 hadi 5, kwa sababu joto la prosesa huruka ghafla ukifungua programu tu, na feni inayopanda na kushuka huudhi kuliko inayovuma sawasawa. Feni ya pini tatu iwekee DC (kasi hubadilishwa kwa volti), ya pini nne PWM (kwa mapigo ya umeme). Ukiiwekea ya pini tatu PWM, itazunguka kwa nguvu zote muda wote.

*Juni na Julai huku ni baridi. Nifungue ubavu wa kasha, niliweke dirishani? — Uyole, Mbeya*

Hapana. Utapata nafuu ndogo na vumbi jingi la kiangazi. Acha ubavu ufungwe, weka chujio mbele, na feni za kuingiza hewa ziwe nyingi kuliko za kutoa. Ujue pia kwamba Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takribani moja ya sita, kwa hiyo feni ileile hubeba joto pungufu. Baridi hufidia usiku, mchana wa Oktoba haifidii. Pima mashine yako hapo ilipo, vipimo vya mtu wa pwani si vyako.

*Pesti (ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza) ikiwa nyingi si ndiyo bora? — Iringa*

Swali hili linarudi kila mara. Hapana. Kiasi cha punje moja ya njegere katikati, basi.

*Nimepuliza vumbi kwa blowa, feni moja haifanyi kazi tena. — Mafinga*

Uliiacha izunguke. Feni inayosukumwa na upepo hugeuka jenereta, huweza kurudisha umeme kwenye madabodi (ubao mkuu wa kompyuta), na beringi huzidishiwa mwendo. Shika mapanga kwa kidole kabla ya kupuliza, na chomoa umeme kwanza.

*Kipoza cha maji kinabubujika. — Njombe*

Hewa imefika kwenye pampu. Rejeta iwe juu ya pampu, au angalau ncha yake ya juu ipite pampu. Ukiacha hivyo, pampu itakufa mapema.

*Nimefunga hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) mpya, nyuzi 100 papo hapo. — Kyela*

Zima. Toa nailoni iliyobandikwa chini yake, futa pesti kwa spiriti, paka upya, kaza skrubu kwa mkingamo (kutoka pembe moja kwenda ya mkabala), kidogo kidogo.