Usimwambie bosi umechoka, mpelekee saa zako

Wafanyakazi wengi ninaofahamiana nao hapa Mbeya wanajua tarehe ya mshahara na wanajua makato yao, lakini ukiwauliza sheria inaweka ukomo wa saa ngapi za kawaida za kazi kwa wiki, wananyamaza. Ni 45. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki, na jumla yake isivuke 45. Naanza na sheria makusudi. Ushauri mwingi kuhusu afya ya akili kazini unatuambia tuvute pumzi, tusali, tunywe maji ya kutosha. Yote ni mema, na kusali nasali. Ila mtu anayeingia kazini saa moja asubuhi na kutoka saa tatu usiku anahitaji muda kwanza, mengine yafuate.

Mimi ni mhasibu kwenye duka la jumla la pembejeo. Huku Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba mpaka Aprili au karibu na hapo, kwa hiyo mkulima wa mahindi wa Mbozi na wa viazi wa Umalila wote wanataka mbolea wiki zilezile. Foleni inakuwepo kabla hatujafungua. Jioni geti likifungwa ndipo naanza kulinganisha stakabadhi na mzigo wa stoo. Nikifika nyumbani, grupu la kazini la WhatsApp bado linaita: mifuko ya Uyole imefika? Nani ana risiti ya yule wa Tunduma?

Mwili ndio uliosema kwanza. Kichwa kiliniuma kila siku mchana, tumbo likawaka moto, na usiku wa manane nikawa nashtuka nikihesabu mifuko. Nilipima malaria, hakuna. Vidonda vya tumbo, hakuna. Tabibu wa zahanati, kijana mpole, akaweka kalamu chini akaniuliza, "Dada, ukiwa likizo unaumwa hivi?" Nikakosa jibu kwa muda, maana likizo iliyopita nilikuwa kwa mama Tukuyu, nikala ndizi na maharage na kulala fofofo.

Swali lile nawapa wote wanaonieleza habari hizi. Kama maumivu yanakuja Jumapili jioni na kupungua Ijumaa, tazama kazi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa ya ICD-11 iliyopitishwa mwaka 2019, linauelezea uchovu huu kuwa ni matokeo ya msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Alama zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo moyoni, na ufanisi kushuka. Haikuuita ugonjwa, imeuweka kama jambo linalotokana na ajira. Basi chanzo kikiwa ni kazi, dawa isiyoigusa kazi haitafika mbali.

Aliyenionyesha pa kushika ni dada mmoja wa stoo, mtu mzima, amekaa kwenye biashara hii tangu tukiwa shule. "Mdogo wangu," aliniambia, "ukimwambia bosi umechoka, atakwambia hata yeye amechoka. Mpelekee karatasi." Nikachukua daftari la kaunta. Kila siku nikaandika saa niliyoingia, saa niliyotoka, na kazi gani iliyonibakiza. Nilikuwa na hakika kinachoniua ni foleni ya wateja. Kumbe hapana. Daftari lilionyesha kwamba saa nyingi za usiku zilikwenda kwenye kunakili stakabadhi zilezile mara mbili, kwenye kitabu kikubwa na kwenye kompyuta.

Nilimpelekea bosi mapema asubuhi, kabla ya wateja. Nikamwamkia, akaitikia, akasoma bila haraka. Akauliza, "Hii ya kuandika mara mbili aliagiza nani?" Hakuna aliyejua, ilirithiwa kwa mhasibu aliyetangulia. Kitabu kikaachwa. Mtu wa kunisaidia hakuajiri, na msimu ukipamba moto bado tunachelewa, lakini ujumbe wa usiku umepungua sana na usingizi wangu umerudi.

Najua si kila bosi atasoma. Daftari litakufaa hata hivyo. Sheria inataka kazi ya ziada ifanyike kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika kila wiki nne, na ilipwe mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, una haki ya mapumziko ya dakika 60. Kila wiki una saa 24 za kupumzika mfululizo. Wale wa ngazi ya uongozi wana utaratibu wao, lakini sisi wengine tumo. Mkienda wawili au watatu, au na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, mnasikilizwa zaidi kuliko mmoja. Yakishindikana kabisa, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, na huko tarehe na saa zilizoandikwa zina uzito kuliko kumbukumbu.

Kuna jambo jingine linalotafuna akili za wafanyakazi na halitajwi ofisini: madeni. Nazungumzia mikopo ya kausha damu. Mtu anakabidhi kadi ya benki na namba ya siri, mshahara ukiingia mkopeshaji anatoa wa kwanza, naye anabaki na nauli ya daladala. Nimewaona watu wazima, wenye heshima zao, simu ikiita wanaigeuza kifudifudi mezani. Mtu huyo ukimwambia apumzike hapumziki, hata umpe wiki nzima. Anachohitaji ni kuandika madeni yote kwenye karatasi moja, kumwonyesha mtu mmoja anayemwamini, mume, mke au dada, kisha kuwafuata wadai kabla hawajamfuata. SACCOS ya kazini, yaani chama cha akiba na mikopo, ikiwepo, mkopo wake mara nyingi una nafuu na unaweza kufunga ule wa mtaani. Kadi na namba ya siri usimpe mtu, hata kama shida imekubana kiasi gani.

Pombe nayo niitaje. Baridi ya Juni hapa kwetu inawapeleka wengi baa moja kwa moja kutoka kazini, na wanasema wanaondoa mawazo. Usingizi wa pombe unakatikakatika, unaamka umechoka zaidi. Kutembea kwa miguu kutoka Mafiati hadi Mwanjelwa jioni kunanisaidia mimi kuliko bia, na ni bure.

Hayo yote ni ya uchovu. Huzuni isiyoondoka kwa wiki mbili, kutotamani hata vitu ulivyovipenda, kujiona huna maana, hayo ni ya hospitali. Si lazima kwenda Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyoko Dodoma, kama wengi wanavyodhani. Anza na hospitali ya rufaa ya mkoa wako na uulizie huduma ya afya ya akili. Hali hiyo, yaani sonona, ni ugonjwa kama mwingine, na likizo ya ugonjwa ipo: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, nusu ya pili kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari. Na mwenzako akianza kusema ni heri asingekuwepo, au kugawa vitu vyake na kuaga, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kazi zitasubiri.